Lango Alilolivuta Abel Cazals

Mji wetu wa Montcorbel umekaa juu ya kilima cha mawe meupe, na barabara yake kubwa inashuka kutoka kanisani hadi mahali tunapopaita Lango la Chumvi. Jina limebaki, lango lenyewe halipo. Aliyeliangusha alikuwa jirani yangu, Abel Cazals, na hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu waliozaliwa baadaye humtaja kana kwamba alikuja na jeshi.

Mimi nilikuwa na duka la nyuzi na vifungo mkabala na nyumba yake. Mkewe, Noélie, alikuwa akija alasiri kunisaidia kupinda nguo za wateja, na mengi ya haya nimeyapata kinywani mwake, sindano ikiwa mkononi. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinieleza Abel mwenyewe uzeeni, alipokuwa hana tena wa kumweleza.

Abel alikuwa mkusanyaji wa maziwa. Baada ya vita alianza na mkokoteni wa farasi, akizunguka mashambani asubuhi na madebe yake yakigongana. Kisha akanunua lori dogo. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya sitini, akanunua lori kubwa la buluu, ambalo aliliosha kila Jumapili wakati wenzake wako misani. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana lori lile halikuweza kupita langoni. Lango la Chumvi lilijengwa kwa ajili ya nyumbu na mizigo yao. Abel alilazimika kuzunguka chini kwa njia ya mtoni, matope wakati wa baridi, vumbi wakati wa joto, na mwezi wa Julai maziwa yalifika kiwandani yameshaanza kuchacha. Kiwanda kiliyarudisha. Wakulima hawakuulaumu mto wala jua, walimlaumu Abel.

Sasa sikilizeni jambo hili. Noélie alizaliwa juu ya lango hilohilo. Juu ya tao palikuwa na vyumba viwili ambavyo baba yake, fundi viatu, alivipanga kutoka kwa halmashauri ya mji, na ngazi nyembamba ya mawe ilipanda humo ikijizungusha. Mama yake alifia humo Noélie angali msichana mdogo. Abel alipokuwa kijana alisimama chini ya dirisha lile akipiga mluzi, na baba mtu alimmwagia maji aliyolowekea ngozi.

"Mara ya kwanza alikimbia," Noélie alipenda kunisimulia. "Mara ya pili alitukana. Mara ya tatu alikuja na mwavuli. Baba akasema, huyu mkubali, huyu haondoki."

Fundi viatu alipofariki, vyumba vilifungwa, na njiwa wakavichukua.

Miaka ile hatukuwa na huruma na vitu vya kale. Tulikuwa tumekinai nyumba zenye giza na choo cha uani. Kila mtu alitaka bafu, jokofu, sakafu inayong'aa. Wachuuzi walipita na magari yao, na watu wakawapa makabati ya mti wa jozi yaliyokaa katika ukoo tangu enzi za mababu, wakapewa meza za plastiki ngumu, za manjano, na waliona wamempunja mchuuzi. Kwa hiyo Abel, ambaye alikuwa mjumbe wa halmashauri, aliposimama kwenye kikao kusema lango liondolewe, watu hawakushtuka. Meya wetu, Bwana Delpech, daktari wa mifugo, alilalamika kwamba hata yeye gari lake lilikwaruzwa pale.

Aliyepinga alikuwa mwalimu mstaafu, Bi Vayssière, aliyekaa nyuma kabisa na kofia yake ya sufu.

"Lango lile limesimama pale miaka mia sita, Bwana Cazals," alisema. "Limeona tauni, limeona vita. Wewe una lori la miaka miwili."

Abel akageuka, akamwinamia kwa adabu. "Bi mwalimu, bibi yangu naye alikuwa mzee sana, na tulimpenda. Lakini hatukumlaza katikati ya barabara."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikuwepo, nami nilicheka, maana ilichekesha. Bi Vayssière alikaa chini, akavua miwani yake na kuifuta, akaendelea kuifuta mpaka mikono ikanyooshwa kupiga kura. Serikali haikuwa imeliweka lango katika orodha ya majengo yanayolindwa, basi hapakuwa na wa kuuliza zaidi. Likapitishwa.

Abel alirudi nyumbani moyo mweupe. Noélie alikuwa amepakua supu ya kabichi. Abel alikula, na ilipobaki kidogo akaimiminia divai nyekundu kama wafanyavyo wanaume wa kwetu, akainua sahani kwa mikono miwili akanywa.

"Imepita," alisema akijifuta masharubu.

"Nini?"

"Lango. Linaondoka kabla ya Pasaka."

Noélie aliinuka kwenda kuleta jibini. Alikaa huko jikoni kidogo. Aliporudi akasema, "Haya."

"Tutapata mwanga mpaka mlangoni. Na wale njiwa hutawasikia tena."

"Sitawasikia," alisema Noélie.

Basi. Abel aliniambia kwamba alilala usingizi mzuri.

Siku ya kuliangusha ilikuwa asubuhi ya baridi kavu. Wafanyakazi walikuwa wameshabomoa paa na vyumba vya juu, likabaki tao na nguzo zake. Mhandisi alitaka kuleta mashine kutoka mji mkubwa, lakini Abel hakukubali. Lori ni langu, alisema, kazi ni yangu. Wakafunga kebo ya chuma kwenye jiwe la katikati, wakaifunga kwenye lori la buluu, na Abel akapanda, akawasha injini. Alivuta, lango halikusogea. Akarudi nyuma kidogo, akavuta tena, magurudumu yakapiga kelele na jiwe likatoa sauti ambayo sijaisikia tena, kama ng'ombe anayezaa. Kisha lote likaja. Vumbi lilitufunika mpaka kanisani. Lilipotulia tukaona kitu tusichowahi kukiona tukiwa barabarani: mashamba ya ng'ambo, na anga tupu. Watu wakapiga makofi. Meya akafungua chupa.

Nilimtafuta Noélie kwa macho nisimwone. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanua shuka.

"Vumbi linakuja, Berthe," aliniambia. "Zitachafuka."

Nikamsaidia kuzikunja.

Mawe yalirundikwa pale chini, na halmashauri ikatangaza anayetaka achukue. Watu walikuja na matoroli na mikokoteni. Mmoja alijengea banda, mwingine kingo za kisima, mwingine ngazi za ghala. Kabla majira hayajageuka pakawa peupe.

Abel alipita na lori lake katikati ya mji kama bwana harusi. Lakini furaha hiyo haikuzeeka. Kabla binti yao Josiane hajamaliza shule ya msingi, serikali ilijenga barabara mpya chini ya kilima, pana, nyoofu, na malori yote yakapita huko. Hata lori la Abel. Hapakuwa tena na sababu ya kupanda mjini. Kisha kiwanda cha maziwa kikafungwa, na magari ya matangi kutoka mbali yakawa yanakuja kunyonya maziwa shambani kwa bomba. Abel akaliuza lori la buluu akawa dereva wa basi la wanafunzi.

Tukagundua pia kitu ambacho wazee hawakuwahi kutueleza, au hatukuwasikiliza. Upepo wa kaskazini, ambao zamani ulikata kona pale langoni, sasa ulishuka barabara kubwa bila kizuizi. Uliangusha viti vya mkahawa, uling'oa mapazia ya duka langu. Mwokamikate alihamishia mlango wake kichochoroni.

Halafu zikaja zama nyingine, zama za watu kupenda mawe. Castelbrun, mji jirani ambao tangu utotoni tuliucheka kwa uchafu na umaskini wake, walikuwa wamekosa hata pesa za kubomoa, na kwa sababu hiyo malango yao yote yalibaki. Sasa wageni walijaa kule, wakinunua sabuni na mafuta ya jozi, wakipiga picha. Kwetu walisimama kuuliza njia ya kwenda Castelbrun.

Mkahawani, kwenye meza ya karata, Abel alianza kutaniwa.

"Abel, usiegemee ukuta huo, bado tunauhitaji."

"Abel, kuna Mholanzi amenunua nyumba ya padre, anataka ukavute kanisa apate jua."

Mwanzoni alicheka kuliko wote. "Ngojeni nitafute kebo," alisema. Baadaye akawa anacheka akiangalia karata zake. Baadaye hakuja tena.

Lakini si kejeli zilizombadilisha. Josiane, ambaye alikuwa ameolewa Toulouse, alikuja likizo na watoto, na walipokuwa mezani alimuuliza baba yake, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Baba, hivi unajua Mama hajawahi kupita pale Lango la Chumvi tangu lile jambo?"

"Anapita kila siku. Soko liko wapi?"

"Anazunguka, Baba. Anapitia kichochoro cha watengeneza mapipa, anapanda zile ngazi, anatokea nyuma. Nikiwa mtoto alinivuta mkono huko. Nilidhani watu wote wanakwenda hivyo."

Abel hakuamini. Siku ya soko alivaa koti akamfuata mkewe kwa mbali. Barabara ilikuwa nyoofu, na soko linaonekana kutoka pale. Noélie, magoti yameshaharibika, kapu mkononi, alifika karibu na mahali lango lilipokuwa, akakunja kushoto bila kuinua kichwa, akaingia kichochoroni. Abel alisimama akamwona akipanda ngazi moja, akipumzika, akipanda nyingine, mkono ukutani. Alikuwa amelala na mwanamke huyo kitanda kimoja miaka yote hiyo. Aliniambia, "Berthe, nilitaka kumwita, nikaona sijui nitaanzaje."

Hakumwita. Alikwenda nyumbani akatoa toroli.

Nadhani mtu aliyezoea kubeba vitu hutafuta cha kubeba. Abel aliamua kuyarudisha mawe. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba, akiomba. Wengine walimpa upesi kwa aibu. Wengine walimfukuza. Zélie Bouyssou, mjane mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha kuchunia sungura, alikuwa na mawe mawili ya tao katika banda lake la nguruwe.

"Ukiyachukua hayo banda linadondoka," alimwambia. "Nguruwe atalala wapi, kwako?"

"Nitakujengea ukuta wa matofali, Zélie. Mpya."

"Wewe? Unajenga? Nilidhani kazi yako ni ile nyingine."

"Nitajenga."

"Na chumbani kwako kuna nafasi, tukikosa? Maana nguruwe huyu anakoroma, nakwambia. Ingawa Noélie ameshazoea."

Alimjengea. Ukuta ule ulikuwa umepinda kidogo, na Zélie aliwaonyesha wageni wake wote, lakini mawe akayatoa. Ndivyo alivyoendelea mwaka baada ya mwaka. Gereji iliyokuwa na lori sasa ilijaa mawe meupe, mengine yana chokaa, mengine yana kinyesi, mengine yana alama za patasi za watu waliokufa zamani. Noélie alimwona akiingia na kutoka. Hakuuliza, naye hakusema. Mwanamume alitaka iwe zawadi.

Wakati huo meya wetu alikuwa mwanamke kijana, mwenye moyo mwema. Abel alipomweleza alichokuwa nacho gerejini, alifurahi, akaandika kwa ofisi inayosimamia majengo ya kale, na mtaalamu akaja, mama mmoja mwenye nywele fupi na viatu vya shambani. Alikaa gerejini muda mrefu. Aliyapapasa mawe, akayapima, akauliza kila moja lilitoka wapi, na Abel akajibu kama mtahiniwa. Kisha wakatoka nje, wakasimama mbele ya duka langu, nikasikia.

"Bwana Cazals, hii ni kazi kubwa sana na nakuheshimu kwayo," alisema. "Lakini ulichonacho hapa hakifiki hata robo. Mengine tungelazimika kuyachonga upya, tukibahatisha. Hatutakuwa tumerudisha lango lenu. Tutakuwa tumejenga lango la mwaka huu lililovaa nguo za zamani."

"Hata likiwa dogo?"

"Hata likiwa dogo. Samahani, mzee wangu. Ningekudanganya ningekukosea zaidi."

Alikuwa anasema kweli, na Abel alijua anasema kweli. Alimshukuru, akamfungulia mlango wa gari. Kisha akaingia ndani akakaa mezani na kofia kichwani, jambo ambalo Noélie hakuliruhusu, na safari hii hakumwambia aivue.

"Wamekataa," alisema.

"Nani amekataa nini?"

Akamweleza yote. Mawe, banda la Zélie, meya, mtaalamu. "Nilitaka kukurudishia," alisema. "Mahali ulipozaliwa. Alipofia mama yako. Nilikuona kichochoroni, Noélie. Nilikuona ukipanda zile ngazi."

Noélie alikuwa anamenya viazi. Alimenya alichoshika mpaka kikaisha.

"Nani alikwambia nataka lango?" alisema.

"Kwani hutaki?"

"Kule juu palikuwa na baridi ya kuua, Abel. Maji yalichuruzika ukutani kuanzia Oktoba. Mama alikohoa humo mpaka akaisha. Nilipachukia. Siku uliponioa nilishuka zile ngazi nikaapa sitazipanda tena na ndoo." Akaweka kisu. "Ungeniuliza siku ile kabla ya kikao, labda ningesema, vunjeni. Ningesema vunjeni! Lakini ningekuomba nipande kwanza. Nifungue dirisha, niangalie pale kitanda chake kilipokuwa, nishuke. Hukuniuliza. Mji mzima uliulizwa kwa kunyoosha mikono, hata mtengeneza soseji aliulizwa. Mimi nililetewa habari baada ya supu."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

Abel aliniambia kwamba alitaka kuomba radhi. Akasema tu, "Ningekupeleka. Ningekubeba mgongoni ungetaka."

"Najua," alisema Noélie. "Ndiyo maana inaniuma."

Wiki iliyofuata alikuja kwangu kushona, akanisimulia haya bila kulia, kisha akajichoma sindano na hapo ndipo akalia.

Jumamosi moja baada ya hapo Abel alimuuliza angependa kwenda wapi kesho yake. Swali kama hilo hakuwahi kumuuliza. Jumapili zao zilikuwa za kwenda kwa kaka yake Abel, kula bata, kurudi. Noélie alifikiri sana. Akasema, "Castelbrun. Wana lango bado, na nasikia wanaruhusu watu kupanda."

Nilikwenda nao, kwa kuwa gari langu lilikuwa na viti vilivyomfaa Noélie na magoti yake. Lango la Castelbrun lilikuwa limesafishwa mpaka likawa kama keki, na maua madirishani. Binti aliyekaa mlangoni aliwapokea vizuri. Noélie alivua glavu, akashika ukuta, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Akaweka wa pili. Goti likakataa. Abel alikuwa nyuma yake mikono imenyooshwa, naye ameshakuwa mzee.

"Nikusukume taratibu?" aliuliza.

"Tutaanguka wote, mzee wangu, wapate cha kuwaonyesha wageni."

Alikaa pale kwenye kipandio, akipumua, akiangalia ngazi inavyojizungusha kuelekea kwenye mwanga. Palikuwa na harufu ya jiwe lenye unyevu. "Harufu ni ileile," alisema. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe, akasema ana njaa.

Noélie alifariki katika majira ya baridi yaliyofuata, kwa kifua, kama mama yake, ingawa ndani ya nyumba yenye joto. Jeneza lilitolewa kanisani, na wabebaji wakataka kushuka barabara kubwa. Abel aliwazuia. Akawaonyesha kichochoro cha watengeneza mapipa, nasi sote tukafuata mmoja mmoja, tukibanana, wanaume wakiinamisha jeneza kwenye zile ngazi. Padre alidhani ni desturi ya mji.

Mvua za mwaka ule zilibomoa ukuta unaoshikilia uwanja wa kanisa. Meya alimwendea Abel kwa woga kuulizia yale mawe. Akamjibu achukue yote. Mafundi waliyakata yapate kukaa, na leo huwezi kuyatofautisha na mengine.

Abel aliishi miaka michache zaidi. Nilimpelekea supu, naye alikuja dukani jioni kabla sijafunga. Alikuwa amepata tabia moja ambayo watu waliidhani ni akili kuzeeka. Aliuliza kila kitu. Nikae hapa, Berthe? Nifunge mlango, au unataka hewa? Nikusimulie, au umechoka? Josiane alikuwa akikereka: "Baba, kaa tu, unauliza nini!" Mwokamikate alimwigiza mbele ya wateja. Mimi nilimjibu kila mara, hata alipouliza mara mbili. Kaa, Abel. Acha wazi kidogo. Nisimulie.